Kufungasha kloja katika lugha za ukoo wa Lisp: uchague njia ipi?

Mfumo wa hesabu za mwalo hauna kanuni inayotulia. Mnunuzi wa dagaa pale Kirumba leo anakata ushuru kwa gunia, mwezi ujao anakata kwa kilo. Mwenye mtumbwi mmoja anagawana na wavuvi wake baada ya kutoa mafuta na chakula tu. Jirani yake anatoa kwanza deni la nyavu. Ukiandika mfumo wa namna hii kwa lugha ya ukoo wa Lisp (lugha za programu zinazoandikwa kwa mabano), utajikuta kila kanuni umeifanya kitendakazi: unakipa kilo, kinakurudishia shilingi. Kazi inakwenda vizuri mpaka kanuni iliyoundwa kwenye seva mjini Mwanza itakiwe kwenye kishikwambi cha karani aliyeko kisiwani Ukara, ambako mtandao unapatikana kwa kuviziwa, au mpaka chaji iishe katikati ya hesabu na kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu kipotee.

Hapo unalazimika kukifungasha kitendakazi: kukigeuza kiwe mfululizo wa baiti unaoweza kuandikwa kwenye faili au kutumwa, kisha kukifufua upande wa pili kikiwa kinafanya kazi ileile. Lugha za ukoo huu zinafanana kwa mabano, lakini katika jambo hili zimeachana mbali sana, na ukichagua vibaya utalipa kwa bando, kwa usalama, au kwa hesabu za watu kutofautiana.

Kilichomo ndani ya kloja

Tuanze na kanuni fupi ya bei kwa Common Lisp, mojawapo ya lugha za ukoo huu. Namba ni za mfano.

```lisp
(defun tengeneza-bei (kiwango makato)
  (lambda (kilo)
    (- (* kilo kiwango) makato)))
```

Ukiita `(tengeneza-bei 9000 2500)` unapata kloja, yaani kitendakazi pamoja na mazingira kilimozaliwa. Msimbo wa kuzidisha na kutoa ni mmoja kwa wanunuzi wote. Kinachomtenga mnunuzi huyu na yule ni 9000 na 2500, na namba hizo hazionekani popote ndani ya `lambda`; zinakaa kwenye mazingira. Peter Landin ndiye aliyeeleza muunganiko huu wa msimbo na mazingira mwaka 1964, na Scheme ya Gerald Sussman na Guy Steele ikauweka katikati ya lugha tangu 1975.

Wengi wanaoingia kwenye Lisp hudhani tatizo limeshakwisha, kwa kuwa programu yenyewe ni orodha, na orodha huandikwa kwa `print` na kusomwa kwa `read`. Hilo ni kweli kwa msimbo chanzo. Kwa kitendakazi ambacho kimeshaundwa si kweli. Chapisha kloja ya hapo juu, utaona kitu kinachoanza na `#<FUNCTION`, na `read` ikikutana na `#<` hutoa kosa kwa makusudi. Kiwango rasmi cha Common Lisp (ANSI, 1994) kina `function-lambda-expression`, ambayo huulizwa msimbo wa kitendakazi, lakini kinaruhusu kila utekelezaji kujibu `nil`. Hata ukibahatika kupewa msimbo, 9000 na 2500 hazimo. Jibu la pili inalotoa linakuambia tu kwamba huenda kulikuwa na mazingira. Mazingira yenyewe hupewi.

Kwa hiyo kila njia ninayoilinganisha hapa naipima kwa maswali matatu. Je, msimbo unasafiri, au linasafiri jina lake tu? Je, mazingira yanasafiri yakiwa kamili? Na upande unaopokea unatakiwa uwe na nini tayari kabla mzigo haujafika?

Tuma jina na namba, msimbo ubaki

Naanza na njia ninayoipendekeza kwa sehemu kubwa ya kazi za biashara, nayo haifungashi kloja kabisa. John Reynolds aliieleza mwaka 1972: kila `lambda` inayohitaji kusafiri inapewa jina, vigeu ilivyovishika kutoka nje vinakuwa data ya kawaida, na kitendakazi kimoja kinasoma jina na kuamua la kufanya.

```lisp
(defgeneric fufua (aina &key &allow-other-keys))

(defmethod fufua ((aina (eql 'bei-kwa-kilo))
                  &key kiwango makato)
  (lambda (kilo)
    (- (* kilo kiwango) makato)))
```

Kinachosafiri ni `(bei-kwa-kilo :kiwango 9000 :makato 2500)`, na upande wa pili unaandika `(apply #'fufua ujumbe)`. Herufi zake ni 41. Mtandao wa data ukikataa kabisa kule kisiwani, kanuni hiyo inaingia kwenye ujumbe mfupi wa simu na nafasi inabaki.

Faida kubwa zaidi si udogo. Karani na mwenye mtumbwi wakibishana juu ya makato, unafungua hifadhidata na kuwaonyesha mstari ambao binadamu anausoma. Unaweza kuuliza ni wanunuzi wangapi wana makato yanayozidi shilingi 2,000, swali ambalo huwezi kuliuliza rundo la baiti za kloja. Unaweza kubadilisha lugha mwaka kesho na kanuni zote zikabaki.

Gharama yake ni moja na ni ya kweli: kanuni ya umbo jipya haiwezi kutumika Ukara mpaka programu ya kishikwambi isasishwe. Namba mpya zinasafiri bila shida. Wazo jipya halisafiri.

Kuna jambo la matoleo pia. Ukirekebisha hesabu ndani ya `fufua`, kanuni zote za zamani zitafuata hesabu mpya, hata zile za mauzo yaliyokwishafungwa. Kwa bei ya leo hilo ndilo unalolitaka. Kwa risiti ya mwezi uliopita ni balaa. Ipe kanuni iliyobadilika jina lingine, `bei-kwa-kilo-2`, na ile ya kwanza usiiguse tena.

Angalia usomaji vilevile. Common Lisp ikisoma `#.` hutekeleza kilichofuata palepale, kwa kuwa `*read-eval*` huanza ikiwa `t`. Watu wengi hufunika usomaji kwa `with-standard-io-syntax` wakidhani wamejikinga, kumbe makro hiyo huirudisha `*read-eval*` kuwa `t`. Iweke `nil` ndani yake, si nje, na weka `*package*` yako mwenyewe, la sivyo alama `bei-kwa-kilo` itazaliwa kwenye pakeji ambayo `fufua` haiijui.

Tuma msimbo chanzo

Ukihitaji wazo jipya lisafiri, hatua inayofuata ni kuhifadhi msimbo chanzo pamoja na thamani za vigeu vilivyoshikwa, kisha upande wa pili uutekeleze kwa `eval`, amri inayoendesha orodha kama programu. Clojure ina maktaba iitwayo serializable-fn inayofanya hivi: makro yake ya `fn` huhifadhi chanzo cha kitendakazi kwenye metadata yake pamoja na vigeu vya ndani. Katika Common Lisp unaweza kujiandikia makro kama hiyo, mradi ukubali kuvitaja vigeu vinavyoshikwa, kwa kuwa kiwango hakikupi njia ya kuviorodhesha.

Inafanya kazi, lakini kishikwambi sasa lazima kiwe na kompaila (inayogeuza msimbo wote kabla ya kuuendesha) au mkalimani (anayeutekeleza moja kwa moja) kamili, na yeyote atakayeweza kuandika kwenye njia yako ya mawasiliano amekimiliki kifaa. Kwa mfumo unaoshika pesa za wavuvi siwezi kumshauri mtu yeyote afungue mlango huo.

Ipo njia ya katikati ambayo Lisp inairahisisha kuliko lugha nyingine yoyote ninayoijua. Andika kanuni kama orodha ya lugha yako ndogo:

```lisp
(toa (zidisha kilo 9000)
     (kama (zaidi kilo 100) 4000 2500))
```

kisha uandike mkalimani wake mwenyewe, ukurasa mmoja tu, unaojua `toa`, `zidisha`, `kama`, `zaidi` na basi. Haina `eval`, haiwezi kufungua faili, haiwezi kuzunguka bila mwisho kwa kuwa hukuipa mzunguko. Wazo jipya linasafiri likiwa ndani ya mipaka uliyoiweka, na bado linasomeka. Nikikuta timu inajiandaa kutuma `eval` kuvuka ziwa, swali langu la kwanza ni kama wameijaribu hii.

SBCL: kuhifadhi dunia nzima

SBCL, mojawapo ya tekelezaji za Common Lisp, haina njia ya kufungasha kloja moja moja, lakini inaweza kuandika kumbukumbu yake yote kwenye faili:

```lisp
(sb-ext:save-lisp-and-die "mizani.core" :toplevel #'anza)
```

Kila kloja, kila kigeu, kila kitendakazi kilichokompailiwa kinahifadhiwa kilivyo, pamoja na uhusiano wao. Ukianzisha SBCL kwa faili hiyo unaendelea ulipoishia. Kwa ukamilifu wa mazingira hakuna njia inayoishinda.

Masharti yake ni mazito. Mchakato unaohifadhi hufa hapohapo, kama jina linavyosema. Lazima kuwe na uzi (thread) mmoja tu wa utekelezaji unaokwenda. Faili zilizofunguliwa, soketi na kumbukumbu iliyoombwa nje ya Lisp havivuki. Unavifunga kwenye `*save-hooks*` na kuvifungua upya kwenye `*init-hooks*`. Faili ya core hukubaliwa tu na SBCL ya ujenzi uleule ulioiandika. Na ni makumi ya megabaiti, hata kama ulichohitaji ni namba mbili.

Kwa hiyo ni njia ya kusambaza programu, au ya mashine moja kujikumbuka. Weka core kwenye flashi, mpe anayepanda meli ya kwenda Nansio, na kompyuta ya kule itaanza ikiwa na kila kitu. Usiitumie kutuma kanuni.

Clojure: jina la klasi na sehemu zake

Clojure ya Rich Hickey hukompaili kila kitendakazi kuwa klasi ya JVM (mashine pepe ya Java), na klasi hizo hukubali ufungashaji wa kawaida wa Java. Mtu akijaribu `ObjectOutputStream`, chombo cha Java cha kufungasha, na kuona imekubali, hufurahi mapema. Kilichoandikwa ni jina la klasi na thamani zilizoshikwa. Msimbo haumo. Upande unaopokea lazima uwe na klasi ileile, na jina lake huwa kama `mizani.kanuni$tengeneza_bei$fn__1234`, ambapo namba ya mwisho hutoka kwenye kihesabio cha kompaila. Ongeza kitendakazi kimoja juu yake kwenye faili, kompaili upya, namba inaweza kuhama, na kloja za jana hazipati pa kufikia. Kitendakazi ulichokiunda moja kwa moja kwenye REPL (dirisha la kuandika na kujibiwa papo hapo) hakijulikani kabisa na JVM nyingine.

Njia hii inafaa mahali pamoja, na hapo inafaa sana: mashine nyingi zinazoendesha faili ileile ya jar, kwa kazi inayoanza na kuisha leo. Ndivyo vitendakazi vinavyosambazwa kwenye Spark, mfumo wa kugawa hesabu kubwa kwa mashine nyingi. Kwa hifadhi ya muda mrefu naikataa. Na kufungua baiti za Java kutoka chanzo usichokiamini ni hatari inayojulikana vizuri. Ndiyo sababu maktaba ya Nippy iliweka orodha ya klasi zinazoruhusiwa kabla ya kufungua.

Gambit na Janet, ana kwa ana

Hizi mbili zinafungasha kloja kwelikweli, kwa hiyo zinastahili muda zaidi.

Gambit ni Scheme ya Marc Feeley. Unaandika `(object->u8vector bei)` na kupata baiti. Upande wa pili `(u8vector->object baiti)` inakurudishia kloja inayoitika. Haiishii kwenye kloja. Hufungasha hata mwendelezo wa hesabu, yaani kazi iliyobaki ya programu iliyosimamishwa katikati. Juu ya uwezo huo Guillaume Germain, Feeley na Stefan Monnier walijenga Termite, iliyotangazwa mwaka 2006, ambamo michakato hutumiana ujumbe kwa mtindo wa lugha ya Erlang na mchakato wenyewe unaweza kuhama kutoka mashine moja kwenda nyingine.

Tofauti ya kuishika kwenye Gambit ni kati ya msimbo unaotafsiriwa na msimbo uliokompailiwa. Kloja iliyoundwa na mkalimani husafiri na msimbo wake, kwa hiyo Gambit yoyote ya toleo lile inaweza kuipokea. Kloja ya msimbo uliokompailiwa husafiri kama rejeleo kwenye msimbo huo, na mpokeaji lazima awe ameunganishiwa moduli ileile. Watu hujaribu kwenye mkalimani, wakaona uzuri wake, kisha wakakompaili kwa ajili ya kasi na kukuta upande wa pili haujui kinachozungumzwa. Ukiichagua Gambit, amua mapema: kanuni zinazosafiri zibaki kwenye mkalimani, injini inayozibeba ikompailiwe pande zote mbili.

Kuhusu ukubwa, kitabu cha maelekezo cha Gambit kina mfano wa kloja ya mkalimani inayojumlisha 10 na namba unayoipa, na kifurushi chake kinazidi baiti 1,600. Kwa kifurushi kimoja si kitu. Kwa maelfu ya kanuni kila siku juu ya bando la kisiwani, linganisha na herufi 41 za hapo juu. Vitu visivyofungashika, kama milango ya faili, unavishughulikia kwa kuipa `object->u8vector` kitendakazi cha pili kinachogeuza kitu hicho kuwa data ya badala, na mwenzake upande wa pili anakirudisha.

Janet ya Calvin Rose ni ndogo na changa zaidi. Baadhi ya wazee wa Lisp wataikataa kwa sababu haijengwi juu ya seli za cons, lakini kwa anayetumia mabano na makro tofauti hiyo haimzuii. Lugha nzima pamoja na maktaba yake ya msingi haifiki megabaiti moja, jambo lenye uzito ukiwa unaisambaza kwenye vifaa vya bei nafuu. Ufungashaji wake ni huu:

```janet
(defn tengeneza-bei [kiwango makato]
  (fn [kilo] (- (* kilo kiwango) makato)))

(def mzigo
  (marshal (tengeneza-bei 9000 2500) make-image-dict))

(def bei (unmarshal mzigo load-image-dict))
(bei 10) # 87500
```

Hapa Janet inaipita Gambit kwa jambo moja ninalolithamini: vitendakazi vyake vyote vya kawaida ni baitikodi (amri za mashine pepe ya lugha yenyewe), na baitikodi hiyo husafiri ndani ya mzigo. Hakuna mgawanyiko wa mkalimani na kompaila wa kukushtua baadaye. Mpokeaji hahitaji kuwa amewahi kuiona kanuni hiyo. Kinachobaki nje ni vitendakazi vilivyoandikwa kwa C, na ndiyo kazi ya ile kamusi `make-image-dict`: badala ya kufungasha kitendakazi cha C, huandika jina lake, na `load-image-dict` hulitafuta jina hilo upande wa pili. Ukisahau kamusi, kloja inayotumia kitu chochote cha msingi kilichoandikwa kwa C itakataa kufungashwa au kufunguliwa. Janet pia hufungasha nyuzinyuzi zake (fiber, yaani kazi zinazoweza kusimamishwa na kuendelezwa) zilizosimamishwa, hivyo kazi iliyo katikati inaweza kulala kwenye faili.

Kwa kutuma kanuni zenye msimbo mpya kwenda kwenye vifaa vidogo, naichukua Janet. Kwa mifumo ambayo mchakato mzima unahama huku unahesabu, au kwa timu iliyokwishazama kwenye Scheme, Gambit ina miaka mingi zaidi ya matumizi na kasi ya msimbo uliokompailiwa. Kwa zote mbili tumia toleo lilelile pande zote, na usiweke kumbukumbu za miaka kwenye umbo hilo. Baitikodi si kitabu cha kudumu cha hesabu.

Racket, kwa ajili ya wavuti

Racket imeichukua njia ya Reynolds na kumpa kompaila aifanye kwa niaba yako. Ukianza faili kwa `#lang web-server`, kila kloja na kila mwendelezo wa mazungumzo na mtumiaji hugeuzwa kuwa rekodi yenye jina la msimbo na thamani zake, inayofungashika kwa `serialize`. Seva haibaki na kumbukumbu ya kila mtu aliyefungua fomu. Hali yake inawekwa kwenye URL yenyewe, na ikiwa ndefu mno huwekwa kwenye hifadhi. Karani wa Kome akianza kujaza fomu ya mapokezi, mtandao ukakatika, akarudi baada ya saa tatu, ukurasa wake bado unajua alipofika. Huhitaji wavuti yote pia: `serial-lambda` inapatikana peke yake.

Msimbo hausafiri, jina lake ndilo linalosafiri, kwa hiyo ukibadilisha chanzo usitegemee kloja za zamani zifunguke. Huwezi kusimamisha mazungumzo ndani ya kitendakazi cha maktaba ya nje ambacho hakikupitia mageuzi hayo, na maelekezo yake yanakuonya usitegemee hali inayobadilishwa kwenye kumbukumbu ya seva. Ndani ya mipaka hiyo ni kazi safi sana.

Emacs Lisp, kwa haraka

Kloja ya Emacs Lisp (lugha ya kihariri cha Emacs) inayotafsiriwa huchapishika kwa `prin1` na kusomeka tena kwa `read`, mazingira yakiwemo. Kabla ya toleo la 30, lililotoka 2025, ilikuwa orodha ya kawaida inayoanza na `closure`, sasa ni umbo la `#[...]`, kama baitikodi. Iliyokompailiwa kuwa msimbo asilia wa mashine haichapishiki. Inafaa kwa zana zako binafsi.

Salio linaloshikwa na wawili

Uvuvi wa dagaa hufanyika kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikua, mitumbwi hupumzika na watu hugawana. Mfumo wa mgao kwa hiyo una salio linalokua giza zima:

```lisp
(defun fungua-giza ()
  (let ((salio 0))
    (values (lambda (shilingi) (incf salio shilingi))
            (lambda () salio))))
```

Kloja mbili, `salio` moja. Zifungashe kila moja peke yake, kisha zifufue: sasa kuna masalio mawili yasiyojuana. Ya kwanza inaongeza mauzo, ya pili inaendelea kutaja kiasi cha zamani, na hakuna kosa lolote linalotokea kwenye skrini. Wavuvi watagawana pesa pungufu.

Kwenye Gambit na Janet, ziweke zote mbili kwenye mkusanyiko mmoja na ufungashe mara moja. Ushirika wa kigeu unabaki ndani ya kifurushi kimoja. Kwenye Emacs washa `print-circle` na uchapishe zote pamoja. Core ya SBCL haina tatizo hili. Clojure ina tabia njema hapa: salio lingekaa kwenye atomu (kihifadhi cha thamani inayobadilika), na ufungashaji wa Java hukataa atomu, kwa hiyo unasimamishwa mlangoni.

Mimi salio siliachi ndani ya kloja kabisa. Linakaa kwenye hifadhidata chini ya namba ya mtumbwi, na kanuni zinabeba namba hiyo. Kigeu kinachobadilika na kinachohusu pesa za mtu kinahitaji makazi yanayojulikana.

Mazingira hubeba zaidi ya unachokiona

Kloja inayotaja `mvuvi` ili ipate jina lake tu inaweza kuwa imeshika rekodi nzima: simu, deni, namba ya kitambulisho. Ikitaja orodha, imeshika orodha yote. Kwenye kumbukumbu ya mashine moja hilo halimdhuru mtu. Ukilifungasha, taarifa hizo zinaondoka Mwanza na kulala kwenye kishikwambi kinachoweza kuibiwa ufukweni, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Kabla ya kufungasha, toa thamani unazozihitaji na uziweke kwenye vigeu vya ndani, kisha kloja ishike hizo tu. Pima ukubwa wa kifurushi kwenye majaribio ya programu; kikiruka ghafla kutoka kilobaiti mbili hadi mia mbili, kuna kitu kimepanda bila nauli.

Njia yoyote uliyoichagua, kifurushi kitiwe sahihi ya HMAC (alama inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri), na kishikwambi kiihakiki kabla ya kufungua baiti yoyote. Racket ina `HMAC-SHA1-stuffer` tayari; kwingine tumia maktaba ya kriptografia. Sahihi inazuia kifurushi kubadilishwa njiani, lakini haizuii mtu kukituma tena kifurushi halali cha mwezi uliopita chenye bei ya chini. Weka ndani ya sehemu iliyotiwa sahihi namba inayopanda kwa kila kanuni mpya ya mnunuzi huyo, na kishikwambi kikatae namba isiyozidi ya mwisho kiliyoipokea.